Senge Zilpa na Shule ya Kusogea

Kwetu Matayos, mtu akirudi kutoka kujifunza kitu lazima aulizwe amefunzwa nini. Kukhu, nyanya yangu, aliuliza swali hilo kila jioni, na kila jioni Senge Zilpa alijibu vilevile huku akivua viatu mlangoni.

"Leo tumefanya kusogea."

Kesho yake, kusogea na kusimama. Wiki iliyofuata, kusimama na kusogea. Nikaanza kujiuliza, hii trela wanayofunzwa kuendesha ni ya kwenda wapi?

Senge ni dada ya baba. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara hata kama mmekaa meza moja. Kwa miaka mingi aliendesha pikapu ya mama mmoja muuza nyanya, kutoka Matayos hadi soko la Busia, akitukana mashimo ya njiani moja moja kana kwamba anayajua kwa majina. Halafu siku moja akamwona dada fulani Mganda akishuka kwenye kabini ya trela pale mpakani, amevaa gauni na makubadhi, na wanaume wanampisha. Senge akarudi nyumbani akatangaza kwamba yeye na nyanya wameachana. Anataka trela.

Bahati nayo ikamwangukia. Mzee Oduori, mwenye ghala la mahindi hapa Matayos na trela mbili, alimwambia akimaliza shule ya udereva atampa moja aendeshe. Kukhu aliposikia ni safari za hadi Mombasa aliuliza kama huko njiani kuna milima. Senge akasema iko mingi. Kukhu akasema basi ajifunze vizuri, maana hataki kuletewa mtoto wake kwa gunia.

Shule aliyochagua ilikuwa ya Mwalimu Alvin, karibu na maegesho ya malori Busia. Ilikuwa na kibao kikubwa chenye picha ya trela nyekundu.

Mimi niko Fomu Tatu, na tulikuwa likizo, kwa hivyo nilikuwa na wakati mwingi wa kushuku. Kitu cha kwanza, masomo yalifuata foleni. Ile foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Uganda ikiwa ndefu, inafika Korinda na kupita, Senge anaitwa darasani mapema. Foleni ikiisha, Mwalimu Alvin ni mgonjwa. Kuna siku Busia haikuwa na foleni kabisa. Wanafunzi wakabebwa hadi Malaba, kwenye mpaka ule mwingine, na kuambiwa hilo ndilo darasa la juu. Nilimuuliza Senge, juu ya nini? Akasema hayo ni mambo ya madereva, nitaelewa nikikua.

Kitu cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Senge alikuwa anarudi akinuka blanketi la mtu. Kukhu ndiye alinusa kwanza. Alianza kumwangalia Senge jinsi anavyomwangalia kuku aliyechelewa kurudi kutoka kwa jirani. Siku moja akafunga maharagwe na chapati kwenye mkebe, akanipa, akaniambia nimpelekee Senge chakula, na nikifika nifungue macho.

Pale shuleni nilikuta lori moja limepakwa rangi mpya, linang'aa, lakini limekaa juu ya mawe. Halikuwa na magurudumu. Kuku alikuwa amelala chini ya injini. Msichana wa ofisini aliniambia darasa liko nje, nifuate foleni tu nitawaona.

Nikafuata foleni. Karibu na kituo cha mafuta nikasikia sauti ya Senge kabla ya kumwona. Alikuwa amekaa juu nyuma ya usukani wa trela iliyobeba mafuta ya kupikia. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na pazia, na chini ya pazia miguu miwili ya mwanaume, na soksi zake. Nikafikiria nitamwambia nini Kukhu.

Kisha filimbi ikalia. Mwanaume mwembamba mwenye kofia alikuwa anatembea kando ya malori akipuliza. Huyo ndiye Mwalimu Alvin. Lori la mbele likasonga. Senge akaweka gia ya kwanza, akasogea urefu wa lori moja, akasimama taratibu hivi kwamba hata ile miguu haikutikisika. Nyuma yake trela ingine ikafanya hivyohivyo, na ingine, na kwenye kila kabini nikaona mwanafunzi ameshika usukani kwa nguvu, na pazia limefungwa.

Nilipanda na mkebe wangu. Harufu ya maharagwe ikamwamsha mwenye miguu. Alikuwa dereva Mteso anayeitwa Oriokot, mtu mcheshi, na akiwa bado anatafuta kiatu alishatuambia kila kitu bila kuulizwa. Zamani foleni ilikuwa inawaua. Unasinzia kidogo, wa mbele anasonga, mwingine anakuingilia, mnatukanana mpaka mpakani. Sasa Mwalimu Alvin anawaletea watu wa kusogeza, wao wanalala, wanamwachia kitu kidogo ya chai.

"Mimi nimelala tangu Korinda," akasema, akikata chapati. "Si hata nyinyi anawalipa?"

Senge hakucheka. Alikuwa ameuza mbuzi zake kulipa hiyo shule.

Mimi nikauliza lile swali lililokuwa limenikaa kooni. "Senge, na kurudi nyuma, rivasi, mnafunzwa lini?"

Oriokot aliacha kutafuna. Senge akamgeukia na kumwomba polepole, kwa sauti ambayo sikujua anayo, kama anaweza kujaribu kidogo tu pale uwanjani kwa maegesho. Hapo Oriokot akaamka kabisa.

"Dada, kusogeza ni sawa. Lakini rivasi ya trela si ya pikapu. Ukikata kulia, mkia unaenda kushoto. Hapana, utaniulia watu."

Senge akateremsha kioo na kumwita Mwalimu Alvin.

"Mwalimu, rivasi ni lini?"

"Rivasi ni ya mwisho."

"Na mwisho ni lini?"

"Zilpa, hapa hakuna mtu anasimamisha gari kama wewe. Usianze maswali ya watu wa kufeli." Kisha akaniona, akauliza huyu msichana ni wa nani, na kabla hajajibiwa akapuliza filimbi, ingawa lori la mbele halikuwa limesonga.

Baada ya siku chache cheti kikatoka, na muhuri mkubwa. Mtihani wa leseni nao ukaenda vizuri, kwa sababu siku hiyo walitakiwa kuwasha, kwenda mbele na kusimama. Nilitaka kuuliza ni nani alijua mtihani utakuwa hivyo, lakini Kukhu alinikanyaga mguu. Mwalimu Alvin alikuwa amemnong'oneza Senge kwamba rivasi ni ya tanboi, yule msaidizi wa dereva, kuelekeza, na mlimani gari lenyewe linajua la kufanya. Senge alituambia hayo bila kutuangalia usoni.

Siku ya kwenda kwa Mzee Oduori niliomba kumsindikiza. Trela ilikuwa imeshapakiwa mahindi na kufunikwa turubai, pua yake imeelekea geti. Nilipima kwa macho. Kutoka pale unaenda geti, kutoka geti unaingia lami, na lami inakupeleka mpaka Mombasa. Hakuna mtu angemwambia arudi nyuma hata kidogo. Nilimwona Senge akipima vilevile. Akipewa ufunguo, kazi ni yake. Akisema ukweli, itachukuliwa na Wekesa, dereva kijana wa Mzee, ambaye alikuwa amesimama pale akitafuna miwa na kungoja aone mwanamke akishindwa.

Senge akapanda, akawasha, akasogea mpaka getini na kusimama kama mtu anayeweka yai mezani. Mzee Oduori akapiga makofi. Halafu injini ikazimwa.

Senge alishuka na kwenda moja kwa moja mbele yake.

"Mzee, mimi najua foleni peke yake. Mlima sijui, rivasi sijui. Ukinipa hii gari leo, hata sijui ni nani nitamuua."

Mzee Oduori alimwangalia kama mtu anayefikiri anachezewa. Akamuuliza kama kuna tajiri mwingine amemwahidi zaidi. Senge akasema hapana. Akamuuliza kama anaogopa. Senge akasema ndiyo, sana. Mzee akauliza basi hicho cheti kinasema nini, naye akajibu kinasema alichoandika Alvin. Mzee akanyoosha mkono, akachukua ufunguo, akampa Wekesa. Senge alisogea kando akakaa juu ya gunia. Sijawahi kumwona amekaa mdogo hivyo.

Wekesa akatupa miwa, akapanda huku akicheka, akisema watu wengine warudi kwa nyanya.

"Na wewe ulifunzwa wapi?" Senge akamuuliza kutoka pale kwa gunia.

"Si ni huko huko kwa Alvin," Wekesa akasema.

Mzee Oduori aligeuka polepole. Aliangalia kona ya ghala lake, ambayo ilikuwa imebomoka na kuzibwa na mabati. Wekesa alikuwa amemwambia iligongwa na lori la mlevi mmoja aliyetoroka.

"Wekesa," akasema, "hebu rudisha nyuma kidogo. Mpaka kwa ghala."

Wekesa aliangalia kioo cha kushoto, akaangalia cha kulia, akarudi tena kwa cha kushoto.

"Mzee, kwani lazima? Njia si iko hapa mbele?"

Mzee Oduori akamwambia ashuke. Akafunga geti kwa mikono yake mwenyewe, akatoa simu, akapigia mtu wa Malaba kuuliza kama mzee Mukhwana, dereva wa zamani, bado yuko hai na bado ana nguvu ya kufunza. Nilisikia upande wa pili ukicheka. Alipomaliza akasema kesho asubuhi wote wawili wawe Alupe, kwa ule uwanja mkubwa, na trela tupu, na mahindi yatangoja hata kama ni mwezi.

"Nani ataanza?" Senge akauliza, akisimama.

"Wewe," Mzee akasema, bila kuondoa macho kwa Wekesa. "Huyu bado nina maneno naye kuhusu ile kona."