Mara Tatu ya Bure

Wifi yangu ni mpiga picha, na mtaa mzima unamwita Tabasamu, kwa sababu hajawahi kubonyeza kamera bila kulitamka neno hilo, hata kwa picha za kitambulisho ambamo kucheka ni marufuku. Studio yake ni chumba kimoja: pazia la bluu, kigoda, na kioo chenye chanuo lililofungwa kamba lisiibwe. Mimi hukaa mezani kupokea wateja, na kugombana nao inapobidi. Yeye hagombani na mtu. Hilo ndilo linalonikata maini.

Ana kawaida moja. Mtu wa mtaani akifariki, Wifi huacha kila kitu, akatafuta picha yake iliyo nzuri kuliko zote, akaisafisha, akaikuza, akaipeleka msibani mwenyewe. Halipishi. "Mtu analia, wifi, nimdai vipi?" Nakala huihifadhi, ili familia ikipoteza ya kwao ije kuchukua nyingine. Hiyo nayo bure.

Nakala zote alizitia kwenye kompyuta aliyouziwa na kampuni moja ya vijana watanashati. Walimwapia kwamba programu yake inazilinda picha yenyewe, taa ya kijani ikiwaka basi alale usingizi. Kila asubuhi taa iliwaka, naye akaipangusa vumbi kwa kitambaa laini.

Ndipo akaja fundi seremala wa karakana ya nyuma yetu. Paa lake lilivuja, picha ya binti yake ikaozea ukutani. Binti alifariki akiwa darasa la tatu, na picha nyingine hawakuwa nayo. Wifi akawasha kompyuta. Taa kijani. Ndani, patupu. Akazima, akawasha tena. Patupu. Seremala alisubiri kofia mkononi, na mimi, nisiyekosa neno, nikaenda kumletea maji.

Kumbe kampuni ilikuwa inajua! Wateja wengine walishalalamika kwamba programu inakula picha huku taa inaringa, nao wakaendelea kuuza kimya kimya. Bei ya kompyuta walimrudishia Wifi haraka haraka, wakidhani yameisha. Hakutaka utajiri. "Mwanao nimeshindwa kukurudishia, kaka," akamwambia seremala. "Lakini hawa lazima waadhibiwe. Hilo nakuahidi." Tukaenda mahakamani.

Wakili wetu alitueleza mpaka koo likamkauka. Kuna fidia ya hasara, na kuna fidia ya adhabu, ya kumtia adabu mkosaji. Ila hii ya pili sheria imeiwekea kikomo: haizidi mara tatu ya hasara iliyothibitishwa. Nikafurahi. Nikajisemea, hasara yetu haina mfano, basi wamekwisha!

Wakili wa kampuni, mpole kama muuguzi, akamuuliza Wifi, "Mama, picha hizi ulikuwa ukiziuza bei gani?"

"Siziuzi."

"Hata moja?"

"Za marehemu? Mungu apishe mbali!" Alijibu kwa kujivuna kabisa, akanitazama nimuunge mkono. Nikaitikia kwa kichwa, tena nikatabasamu. Sikuelewa kwa nini wakili wetu alifumba macho.

Jaji aliikaripia kampuni mpaka nikatamani kupiga vigelegele. Walidanganya wakijua, alisema, na wanastahili adhabu kali. Nikamfinya Wifi paja. Halafu jaji akasema kwamba pesa ya kompyuta ilisharudishwa na picha hazikuwa na bei, kwa hiyo hasara iliyothibitishwa ni sifuri, mara tatu ya sifuri ni sifuri, na sheria imemfunga mikono. Wale vijana wakafunga mikoba yao, wakatoka wakiongea mambo ya chakula cha mchana.

Tukabaki kwenye ngazi za mahakama.

"Wifi, tumeshinda au tumeshindwa?" nikamuuliza.

"Wakili kasema jaji amekubaliana na sisi."

"Sasa mbona hakuna aliyeadhibiwa?"

"Hata mimi sijui, wifi yangu."

Jamani, kichwa kiliniuma. Yaani angewatoza wafiwa, kampuni ingeadhibiwa? Wema wake ndio uliowaokoa wale? Niliyazungusha mambo hayo njia nzima, kila nikidhani nimefika mwisho najikuta pale pale nilipoanzia.

Kesho yake seremala akaja studio, maranda ya mbao bado nyweleni. "Wamewatia adabu?"

Wifi akamweleza, akachanganya, akaanza upya. Seremala alisikiliza amekunja uso.

"Kwa hiyo shida ni kwamba mimi sikulipa."

"Si wewe, kaka. Ni mimi sikudai."

"Lakini ningelipa, wangeadhibiwa."

Wifi akanigeukia nimsaidie. Mimi nikaangalia pazia.

Seremala akatia mkono mfukoni, akatoa noti zilizokunjamana, akaziweka mezani kwangu, akawa anazinyoosha moja moja kwa kiganja.

"Niandikie risiti, dada," akaniambia. "Andika ni ya picha ya mwanangu. Halafu mpelekeeni jaji."