Paa Moja la Pikipiki na Hesabu Iliyokataa Kutulia

Nakiri mwenyewe, kabla majirani hawajawasimulia kwa chumvi zao: mimi, niliyefundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi, nilifedheheshwa na madereva wa pikipiki mbele ya mkutano, na fedheha hiyo niliipika kwa mikono yangu.

Ushirika wa pikipiki ziendazo kati ya mitaa ya Nyamirambo na Kacyiru ulikuwa na mabati ya paa moja tu la kituo, nami nikaombwa kushauri lijengwe wapi. Majirani zangu wa Nyamirambo walinitegemea (mke wangu kuliko wote, kwa kuwa ndiye alowaye akingoja usafiri). Hamza, mkuu wa madereva, alinijia mapema: "Muzehe, Kacyiru tunakaa sana. Wateja iko ndani ya ofisi." Nikamjibu kwamba maneno ya kijiweni si takwimu, nikachukua daftari, nikasimama barabarani siku tatu nikiandika kila pikipiki iliyotoka upande mmoja kwenda wa pili, zilizosimama sikuziandika, maana (ndivyo nilivyoamini) asiyefanya kazi haandikwi.

Siku ya mkutano nikawaeleza, nikiandika namba kwa chaki ukutani, kwamba huo ni mnyororo wa Markov: tunazigawa pikipiki mia moja vyovyote tutakavyo, tunazihamisha saa baada ya saa kwa kanuni ya daftari (kila iliyo upande mmoja huenda wa pili), tunarudia mpaka mgawanyo usibadilike tena, na penye nyingi ndipo penye paa. Nikaanza na sabini Nyamirambo, thelathini Kacyiru. Mstari wa pili: thelathini, sabini. Wa tatu: sabini, thelathini.

"Subirini," nikasema, "itatulia."

Kufikia mstari wa ishirini madereva walikwisha kugawanyika pande mbili, wakishangilia kwa zamu kama wako uwanjani, nami jasho likinitiririka ndani ya koti nikaendelea hadi wa arobaini, ndipo mama mmoja muuza vitenge akauliza kwa upole, "Mwalimu, hizi pikipiki zako hazichoki?"

"Yeye alizikataza kupumzika," Hamza akamjibu. "Muzehe, andika na sisi tunaongoja."

Mnyororo usio na abakiye mahali pake waweza kuyumba milele. Jambo hilo nililifundisha mwenyewe, kwa ukali. Basi nikayapokea maneno ya kijiweni, madereva wakinitajia: kila saa, saba katika kumi hubaki Kacyiru zikingoja, Nyamirambo hubaki moja tu. Nikaanza upya na sabini, na upande wa Nyamirambo ukawa kumi na sita, kisha ishirini na saba, kisha ishirini na tano, ishirini na tano, ishirini na tano.

Zilizobaki, sabini na tano, zilikuwa Kacyiru.

"Umetunyang'anya paa, bwana," mke wangu akaninong'oneza, "tena kwa chaki yako."

Nimeapa kutomwacha tena nje ya hesabu mtu yeyote kwa sababu tu amekaa. Paa liko Kacyiru, jibu ni sahihi, nami hulilowea pale Nyamirambo kila msimu wa mvua.