Chuma cha Msumari na Chuma cha Damu

Mwaka ule wa 1964 jirani yangu Famau, mhunzi wa misumari hapa Mkomani, alikuwa mtu mwema mwenye kichwa kigumu kuliko chuma alichokifua. Mkewe Hafswa alijifungua mtoto wa kike salama, lakini damu haikukatika. Ilimtoka kidogo kidogo kila siku, hata viganja vyake vikawa vyeupe kama chokaa.

Famau alimtibu kwa dawa ya babu zake. Huuchoma msumari mpaka uwe mwekundu, akauzima ndani ya maji, na mgonjwa akayanywa maji yale. Nilimpigia kelele ampeleke hospitali. Akaniambia nimwachie mkewe.

Nikamwita Mwalimu Phineas, mtu wa bara aliyefundisha sayansi na kupanga chumba kwangu. Nilidhani msomi angemshinda. Kumbe mwalimu akishaanza somo hajui kusimama!

"Bwana Famau, ni kweli damu ina chuma," alisema. "Kilipikwa ndani ya nyota, kabla ya dunia kuwepo. Nyota kubwa huunguza elementi nyepesi na kuzigeuza nzito, kisha nzito zaidi, mpaka ifike kwenye chuma. Hapo moto wake huisha. Nyota hujiporomokea, ikalipuka, na vumbi lake likatapakaa angani. Dunia ikaumbwa kwa vumbi hilo. Chuma cha msumari wako na cha damu ya mkeo ni kile kile."

"Ni kile kile?" Famau alifurahi mno.

"Ndiyo. Ila mwili..."

Hakuingoja hiyo ila. Alirudi mbio kwenye moto wake, akinipigia kelele: "Wasikia, Bi Mwanamkisi? Hata wasomi wanena! Mai yangu ya msumari ndiyo dawa."

Mwalimu alimfuata akimweleza kwamba tumbo haliwezi kuugeuza msumari kuwa damu upesi hivyo, kwamba Hafswa alihitaji kutiwa damu ya mtu. Alikuwa karibu kulia. Nami nilimchukia kwa maneno yake yote yale mazuri.

Siku ya pili Hafswa alishindwa kushika kikombe. Hapo Famau mwenyewe akapiga ukelele, tukambeba na kitanda chake mpaka hospitali.

Damu ya Famau ilipimwa, ikaafikiana na ya mkewe. Akalala, akanyoosha mkono, chupa ikaanza kujaa. Haijafika nusu, daktari akatoka wodini kwa Hafswa, akamwambia muuguzi aitoe sindano, kwamba hakuna tena wa kutiwa damu.

Famau akaushika mkono wa muuguzi.

"Usiitoe," alimwambia. "Bado ninayo."