Nguo Iliyosimama Bila Mtu Ndani

Uji wa ngano ukichemshwa uwe gundi hutoa harufu ya uchachu nisiyoisahau mpaka leo. Juzi vijana walikuwa wanabandika matangazo ukutani hapa Maisaka, nami, mtu ambaye kufika getini kwangu tayari ni safari, nikajikuta nimesimama barabarani nanusa ndoo yao ya gundi kama mbuzi.

Ngoja niwasimulie. Miaka ile ya themanini, tukila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na kufulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni ilikuwa hadithi tu, alikuja Babati mchoraji mmoja mwenye ndevu chache na maneno mengi. Alipanga chumba jirani na kwetu. Alisema anaandaa maonyesho juu ya nguo na mwanamke. Nguo! Katika mji ambao wanawake walipanga foleni ya vitenge tangu alfajiri wakarudi na kiberiti.

Alikuwa na kipande kikubwa cha kitambaa cheupe. Akamwomba mama yangu ajitande hicho kitambaa, akae, achorwe. Ujira wake ungekuwa kitambaa chenyewe, maonyesho yakiisha. Mama alikubali kabla bwana hajamaliza kusema. Mimi nilikuwa nangojea kipaimara, gauni jeupe sina, na katekista alishatangaza kwamba asiye na nguo nyeupe atamsubiri askofu arudi tena. Askofu mwenyewe hakuwa mtu wa kupita kila wiki.

Basi kila alasiri mama akawa anakaa tu, hapeti mchele wala hamenyi kiazi. Sikuwahi kumwona hivyo. Nami nilikaa mlangoni nikikilinda kitambaa kwa macho, kichwani nimeshajishonea gauni lenye mikono ya puto.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Mgeni rasmi, mkubwa wa ofisi fulani, alitusomea hotuba ndefu juu ya mikunjo ya vazi na heshima ya mwanamke, huku vifungo vya suti yake vikiomba msaada tumboni. Pembeni ya picha, kitambaa chetu kilikuwa kimesimama chenyewe sakafuni, hakuna mtu ndani. Yule bwana alikuwa amekipaka uji wa ngano ili kikauke na mikunjo yake, kisha akaitia mikunjo vivuli kwa rangi ya mafuta ya buluu. Ngano! Sisi hata sura ya andazi tulishaisahau.

Jirani yetu Mama Emanueli alikigonga kwa kidole. Kikalia ko, ko.

"Hodi humo ndani!" akasema. Wanawake wakaangua kicheko, mgeni rasmi akakohoa.

Mama hakucheka. Alikuwa mbele ya picha. Mikunjo yote ilichorwa, hata ule mdogo wa gotini. Juu ya shingo palikuwa na doa la kahawia, laini kama kiazi kilichomenywa.

"Uso wangu uko wapi?" akauliza.

"Mama Paskalina," mchoraji akamjibu, "hapa mada ni vazi. Uso ungevuruga."

"Ungekuvuruga wewe."

Akakinyanyua kitambaa. Kilikataa kukunjika, akakibeba begani kama mbao, katikati ya mji, akiitikia marahaba bila kugeuza shingo.

Uji ulitoka kwa kulowekwa; rangi ikagoma. Nilipata kipaimara na gauni lenye vivuli vya mikunjo tumboni, na kwa unene niliokuwa nao tangu utotoni, mkunjo wa kweli usingepata nafasi. Askofu alinitazama mara mbili. Mimi nilijiona malkia: ugomvi ulikuwa wa gauni, na gauni tumepata.

Mama alipofariki tulitafuta picha yake ya ujana ya kuweka mbele ya jeneza. Haikuwepo, miaka ile hata filamu ya kamera ilikuwa haipatikani. Ndipo nikaelewa kwa nini kila alasiri, kabla ya kwenda kukaa kwa yule bwana, alinawa uso taratibu na kujipaka mashavuni tone la mafuta yetu ya kupikia, nami nikidhani anakiheshimu kitambaa.