Shimo Ambalo Makori Hakuligawa

Hebu mwone Nyanchera akishuka njia ya machimbo ya Tabaka, mwaka wa 1969, beseni la maji kichwani. Mumewe Makori huchimba jiwe la sabuni, jiwe laini la huko, katika shimo lake, na kulichonga sanamu. Yeye huziosha na kuzisugua kwa msasa mpaka zing'ae. Miaka ya kazi hiyo imemlainisha vidole vikawa kama jiwe lenyewe.

Leo lakini ana neno. Kifua kimembana Makori tangu mvua zianze, na kwa Wagusii baba huwaonyesha wanawe mipaka angali anaweza kutembea. Nao wanawe wawili, Alfayo na Andrew, hawasalimiani tena.

"Baba Alfayo, gawa hili shimo. Huku kwa mkubwa, kule kwa mdogo, yaishe."

Makori akacheka mpaka akakohoa. "Umechelewa, mama. Nimeshapata ushauri wa mfalme wa Roma."

Ushauri huo aliuleta mwalimu Manasseh, mpenda hadithi, aliyezoea kupitia machimboni jioni. Alimsimulia habari za Severo, mzaliwa wa Lepti, kule pwani ya Libya, aliyepanda vyeo mpaka akaitawala Roma.

"Mtu wa Afrika atawale Wazungu?" Makori alikuwa amemwuliza. "Mwalimu, leo umepitia kwa wauza pombe ya busaa?"

Hata hivyo habari ilimwingia. Severo alipokuwa taabani huko Uingereza hakuukata ufalme vipande. Aliwaachia wanawe Karakala na Geta wautawale pamoja, akawasihi wapatane. Mwalimu alipofika hapo mvua ikaanza, akarukia baiskeli yake. Muda si muda akahamishiwa Nyamira.

"Yule hakugawa dunia nzima," Makori akasema, "mimi nigawe shimo?"

"Na hao vijana walipatana?"

"Wana wa mfalme, we! Wangekosaje?"

Kabla ya Krismasi Makori akafa. Aliwaita wote wawili kitandani, hakuna aliyekuja, akasema shimo ni lao wote wawili, wapatane. Mkewe peke yake ndiye aliyekuwapo kusikia.

Basi Alfayo akachimba kutoka juu, Andrew kutoka chini. Katikati likabaki jiwe zuri kupita yote, nalo ndilo linaloshikilia udongo usiporomoke. Kila mmoja akawa analimega kwa upande wake.

Mwalimu Manasseh alipokuja kuhani, Nyanchera alimwuliza habari za wale vijana. Mwalimu akainama.

"Mama, sikumaliza siku ile. Mwaka haukuisha, Karakala akamuua Geta mikononi mwa mama yao. Akaamuru sura ya Geta ikwanguliwe katika kila picha."

"Mama yao akafanya nini?"

"Alikatazwa kulia."

Nyanchera hakumlaumu. Alimwekea chai.

Sasa wazee wa ukoo wameketi uani. Watagawa, wanasema, lakini jiwe la katikati haligawiki; litakwenda kwa yule aliyetajwa na marehemu, na kama hakumtaja mtu shimo libaki la wote, na ni mkewe wa kulitoa neno hilo. Asubuhi Alfayo alimwambia, "Ukimtaja Andrew, Mama, usiniite mwanao tena." Andrew naye akaja: "Mimi ndiye kitinda mimba wako. Ukinikana, nitachimba chini ya Alfayo mpaka paanguke."

Toka uani unasikia sururu mbili, moja juu, moja chini.

"Haya, mama wa boma," mzee Obwocha anasema, "Makori alisemaje?"

Akisema kweli, shimo linabaki la wote wawili, na jiwe la katikati linazidi kuliwa. Akidanganya, amtaje yupi?