Utabiri Uliomchukua Mama

Mama yangu kazi yake ilikuwa kukunja nguo, na mtu asiniambie hiyo si kazi. Mimi ni dobi. Nafua, nanyoosha kwa pasi ya mkaa, na chumba changu cha mbele ndicho duka. Mama alikuwa anakaa kwenye benchi karibu na mlango. Shati likitoka kwenye pasi analipokea likiwa bado la moto, analilaza kifudifudi, mikono anaivusha mgongoni, anakunja mara mbili, na kola inabaki juu imesimama. Wateja walikuwa wanasema shati la mama ukilifungua unaona haya kulivaa. Alijua nguo za mtaa mzima. Ya mwalimu aliitambua kwa chaki mfukoni, ya kinyozi kwa vinywele kwenye kola, na aliwatania wenyewe usoni, nao wakacheka. Alikuwa wangu. Nasema hivyo makusudi, kwa sababu dada yangu alipata mengine yote.

Dada ndiye mkubwa. Alipata shule, akapata mume wa ofisini, akapata nyumba kule mlimani, ghorofa ya pili, na roshani inayoingiza upepo hata kama hujauomba. Mimi nilipata vyumba viwili bondeni, karibu na mtaro, na nikampata mama. Sikulalamika. Kila dada alipokuja kutusalimia na viatu vyake vya kisigino, nilikuwa namwangalia mama akikunja, nikasema moyoni, hiki huna.

Basi mwaka huo joto likaja kama lina hasira na sisi. Asubuhi moja dada akateremka, simu mkononi, hata kiti hakutaka. Akasema utabiri wa msimu umetoka, tumsikilize. Akausoma kwa sauti ya mtangazaji: kanda yetu itegemee joto kuliko kawaida, vipindi vya mvua kubwa zenye radi, na uwezekano wa mafuriko mabondeni, wakazi wa huko wachukue tahadhari. Alipofika kwenye neno mabondeni akaniangalia mimi, akauangalia mtaro, kisha akamwangalia mama.

Nikamwambia uwezekano si mvua. Nikamwambia mtaro huu naujua, maji yake hayajawahi kuvuka kizingiti changu, na watu wa hali ya hewa wanakaa ofisini na feni. Dada hakubishana. Alimwuliza mama tu. Mama akamaliza taulo alilokuwa nalo, akasema ataenda, ila kwa msimu huu tu, mvua zikikatika atarudi. Kapu lake lilikuwa tayari kabla chai haijapoa. Hilo lilinikata maini kuliko kuondoka kwenyewe.

Kilichofuata kilinifurahisha, nisiwafiche. Mvua haikunyesha. Mchana mawingu yanajikusanya, yananguruma kidogo huko mbali, yanatawanyika. Jua linawaka, watu wanatoka jasho, wanabadilisha mashati mara mbili kwa siku, na mimi nafua mpaka vidole vinakunjamana. Nikawa nampigia dada simu kumwuliza mafuriko yake yamefika wapi. Ananiambia tusubiri. Nyuma yake namsikia mama anacheka, na sijui anachekea nini. Kwangu alikuwa anacheka, lakini si hivyo.

Halafu shemeji akapita dukani kunisalimia. Alipogeuka kuondoka nikaona mgongo wa shati lake: mistari miwili ya mkunjo, imenyooka, imepishana sawasawa. Nikamwuliza nani anamkunjia. Akasema kwa furaha kabisa kwamba mama ndiye anayekunja nguo za nyumba nzima, hata za watoto, wamemkataza hataki kusikia. Nikamwambia vizuri. Alipoondoka niliunguza suruali ya mteja, goti zima. Mikunjo ile ilikuwa yangu, na sasa inapanda lifti kwenda ofisini mgongoni kwa mtu asiyejua hata pasi inashikwa wapi.

Mvua ilishuka alasiri moja. Sijui niseme ilishuka vipi, maana radi zilikuwa zinapiga hata pasi nikaiogopa. Mtaro ukajaa, ukatapika, na maji yakavuka kizingiti bila hodi, yakafika gotini. Nikapandisha nguo za wateja juu ya meza, nikazifunga kwenye mashuka, nikajitwika, nikashika njia ya mlimani. Godoro linaelea nyuma yangu wala sikuligeukia. Kilichonichoma roho ni kwamba dada alikuwa amesema kweli.

Akafungua mlango, hakusema si nilikwambia. Angesema ningempa yake. Alinipa taulo tu, likiwa limekunjwa na mtu ninayemjua, nikajifutia uso muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Maji yalipoondoka nilirudi kwangu. Nikakwangua matope, nikapaka chokaa, nikamwita mwashi akainua kizingiti. Utabiri mpya ulipotoka nikapanda mlimani na simu yangu mwenyewe. Dada alikuwa jikoni. Safari hii nikausoma mimi, kwa mama, neno kwa neno: mvua zimekatika, hatari ya mafuriko imepungua. Nikamwambia twende nyumbani.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, si mafuriko," akasema. "Naogopa radi. Kule mabati yakianza kulia, mimi nakaa kitako kitandani mpaka kuche. Wewe umelala fofofo. Huku juu ni zege, sisikii sana."

"Miaka yote hiyo, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia ungesema nataka kwenda kwa dada yako."

Na kweli, ningesema hivyohivyo.

"Dada alikuwa anajua?"

"Tangu zamani."

Godoro nilikuwa nimelisamehe, na hata mashati ya shemeji. Hilo ndilo lililonishinda. Kitanda chake kilikuwa mkono mmoja na changu, na hofu yake akaibeba mpaka mlimani kumpa mwingine. Nikazima simu. Nikamwambia akae, asirudi, na nilisema kwa upole, bila kununa. Kisha nikavuta kigoda nikakaa miguuni pake.

"Nieleze na mimi hiyo radi," nikamwambia, "kama ulivyomweleza yeye."