Michoro Sita ya Bi Mkasi

Wifi yangu ni mwalimu wa baiolojia, na shuleni kwao hakuna anayemwita kwa jina lake. Walimu wenzake humwita Bi Mkasi, na wanafunzi nao humwita hivyo hivyo akiwapa kisogo. Vitabu vilikuwa haba, kimoja kwa wanafunzi watano, basi kwa miaka ishirini na miwili alitoa kopi ya ukurasa wa kitabu hiki na mchoro wa kitabu kile, akakata, akabandika kwa gundi kwenye karatasi nyeupe. Palipokosekana mchoro alichora mwenyewe kwa kalamu ya wino. Kisha akatoa kopi za darasa zima.

Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni usafi. Namba ya ukurasa, jina la mwandishi, jina la mchoraji, vyote aliviita takataka, akavikata. Hata michoro yake mwenyewe hakuitia jina.

"Mtoto anataka kujua moyo unapigaje, wifi," aliniambia. "Hana haja na aliyeuchora."

Mimi ni mke wa mdogo wake, fundi cherehani, na meza yangu ya kukatia vitambaa ndiyo iliyokuwa ofisi yake kila jioni. Tulitaniana mpaka mbavu zikauma. Nilimwambia Mungu alichanganya mafaili siku ya kugawa kazi, maana yeye alikata vizuri kuliko mimi. Hakujaliwa mtoto. Alikuwa na mafaili yake kumi na moja chini ya kitanda, na ole wako uyaguse.

Mwaka jana mwalimu mkuu aliamua masomo yarekodiwe na kuwekwa mtandaoni ili shule ijulikane. Bi Mkasi akasimama mbele ya kamera, michoro yake imebandikwa ubaoni. Watu wakatazama, tena wengi. Ndipo barua ikaja.

Alinikuta nakunja upindo wa sare, akaniwekea karatasi mapajani bila salamu. Kampuni moja ya vitabu ilidai kwamba michoro sita katika video zake ilitoka kwenye kitabu chao, bila idhini wala jina la mwenyewe. Ofisi ya hakimiliki ilimwita Alhamisi, yeye na mwalimu mkuu. Mwishoni paliandikwa: uje na vielelezo vyote ulivyotumia.

"Wataniita mwizi, wifi," alisema. "Mbele ya wanafunzi wangu. Wakinifukuza nitakuwa nani?"

Mtu aliyemfokea mkaguzi wa elimu hadharani sasa alikuwa akishtuka geti likigongwa. Jumatatu hakula. Jumanne alifundisha huku ameshika ukingo wa meza, akanieleza baadaye kwamba kila mwanafunzi aliyenong'ona aliona ananong'ona juu yake. Alinisomea ule mstari wa mwisho mara nyingi, na kila mara ulizidi kutisha.

"Vielelezo vyote. Unaona? Wanataka nijipeleke na kamba yangu mkononi. Leo ni sita. Wakiyaona mafaili itakuwa mia sita."

"Sasa utafanyaje?"

"Wasipoyaona, hayapo."

Hapo ndipo ningepaswa kumwambia angoje, amuulize mtu anayejua sheria. Nina mdomo mrefu wa kila jambo, lakini siku ile ulinishinda. Nilikuwa naogopa kama yeye. Jumatano mchana tuliyabeba mafaili hadi uani, tukayatia ndani ya pipa la taka. Hakutaka kufungua hata moja. Alisema akifungua atalia. Njiti tatu zikamvunjikia, nikamnyang'anya kiberiti. Mimi ndiye niliyewasha.

Alhamisi aliniomba nimsindikize, kama mgonjwa anayekwenda kupasuliwa. Ofisini palikuwa na meza ndefu na feni lililokuwa likilalamika juu. Mwalimu mkuu alikaa mbali nasi kidogo. Mwakilishi wa kampuni alikuwa na kitabu chenyewe. Afisa wa hakimiliki, mama mtu mzima mwenye miwani, alitukaribisha kwa upole ulionitia hofu zaidi.

"Mwalimu, usitetemeke," alisema. "Kunakili kurasa chache za kufundishia darasani, ukataja mwenye kazi, sheria inakuruhusu. Hayo ni matumizi halali. Kosa liko kwenye video. Mtandaoni si darasani, pale shule ilikuwa inajitangaza. Na majina uliyakata. Michoro hii mitano ya mwanzo ni yao, haina ubishi. Wako tayari kuacha madai yao ukiandika jina la kampuni chini ya kila mmoja na ukasaini radhi."

Nilisikia pumzi ikimtoka wifi. Kumbe ni hayo tu! Nilitaka kucheka kwa sauti.

"Wa sita ni huu wa figo," afisa akaendelea, akamsogezea kitabu.

Wifi alitazama ukurasa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Huu nimeuchora mimi," alisema.

Nami niliujua. Mrija mmoja ulikuwa na kona ya ajabu, kwa sababu siku alipouchora, mwanangu alimgonga kiwiko pale pale kwenye meza yangu. Nikasema hivyo, tena kwa sauti kubwa.

Mwakilishi akatabasamu. "Mama, ushahidi wa wifi tena?"

"Uliuchora lini?" afisa akauliza.

"Miaka kumi na minne iliyopita."

Afisa akafunua kurasa za mwanzo za kitabu. Kilikuwa na miaka minane. Akamgeukia mwakilishi. "Mchoraji wenu aliutoa wapi?"

Tabasamu likapungua. "Alikusanya vitu kutoka sehemu nyingi. Makaratasi ya shuleni pia. Lakini hayakuwa na jina la mtu."

"Basi, mwalimu, ndiyo maana nilikuandikia uje na vielelezo vyote," afisa alisema. "Nipe ule wa awali, wenye wino wako, nao ndio watakaokuomba radhi wewe. Uko wapi?"

Wifi alinitazama. Mpaka leo nikiwa kwenye cherehani natazamwa vile, nami sina pa kujificha. Majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu hakungoja hata siku moja kuzaliwa.

"Tuliyachoma," nikasema mimi. "Jana."

Afisa alifunga macho kidogo. Mwalimu mkuu akajisogeza karibu kwa mara ya kwanza, akanong'ona, "Saini tu, mwalimu, yaishe. Ukibishana itakwenda mahakamani, na mimi sitaweza kukutetea."

Neno mahakamani lilimmaliza. Niliona mabega yake yakishuka.

"Wifi, usi—" nilianza.

"Niache. Naogopa."

Akavuta karatasi, akasaini radhi ya michoro yote sita. Kisha wakampangia nakala za michoro, naye akaandika jina la kampuni chini ya mmoja baada ya mwingine, kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Chini ya figo kalamu ilisimama. Halafu akaliandika jina lao, pole pole, herufi kwa herufi, bila kukosea.